Jinsi ya Kusoma Barua za Wanawake Wawili Waliopendana Karne ya 19

Chukua barua moja. Usianze na kitabu kizima, wala usianze na utangulizi wa mtaalamu, maana utangulizi utakupa jibu kabla hujapata swali. Wanawake ninaosoma nao hapa Tanga, Jumamosi baada ya alasiri, huwaanzisha na barua ambayo Addie Brown alimwandikia Rebecca Primus mwezi Novemba 1867.

Addie alikuwa Farmington, jimbo la Connecticut huko Marekani, akifanya kazi katika shule ya bweni ya mabinti wa watu wenye uwezo. Rebecca alikuwa Royal Oak, Maryland, akiwafundisha watu waliotoka utumwani miaka michache tu nyuma. Wote wawili walikuwa weusi. Rebecca alizaliwa 1836 mjini Hartford, kwenye familia iliyojiweza kiasi chake na kuheshimika. Addie alizaliwa 1841, akawa mtu wa kuhama nyumba za watu tangu usichana wake: hapa mtumishi, pale mshonaji, kwingine mpishi. Zimebaki barua zake takriban 150, za kati ya 1859 na 1868. Za Rebecca kwenda kwake hazikubaki, kwa hiyo utamsikia mmoja akijibu na mwenziwe humsikii. Lizoee hilo mapema.

Mimi barua ndizo zilizonilea. Nimefanya kazi ya masjala na upigaji chapa hadi kustaafu, na kabla ya hapo, nikiwa mtoto wa shule, akina mama wa mtaani walikuwa wakiniita niwasomee barua za waume na watoto wao walioko mbali, kisha niwaandikie majibu. Ndiyo maana jambo hili linanigusa. Barua za wanawake wa karne ile zinasomwa vibaya na pande mbili. Kuna wanaoona "mpenzi wangu" na "nakubusu" kila ukurasa wakasema hao walikuwa marafiki tu, watu wa zamani ndivyo walivyoandika. Na kuna wanaoona maneno hayo hayo wakafunga kesi papo hapo: walikuwa wapenzi. Wote wamesoma maneno matamu, barua yenyewe wameiacha.

Kwanza, zitenge salamu

Msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa, na ningependa aitumie. Sisi tumekua na "ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Sentensi hiyo nimewahi kuiandika kwa niaba ya mama aliyekuwa amemkasirikia mumewe kiasi cha kudai talaka, na talaka yenyewe ikafuata mstari wa tatu. Salamu ni ada. Haidanganyi, lakini haisemi siri.

Wanawake wa Marekani na Uingereza walikuwa na ada zao pia. Walifundishwa jinsi ya kuandika barua, na walikulia katika maisha ambamo wanawake walishinda na wanawake: kujifungua, kuuguza, kushona, kuzika, na kutembeleana kwa majuma au miezi. Bibi harusi aliweza kwenda fungate na dada yake au rafiki yake, na hakuna aliyeshangaa. Wasichana walishikana mikono barabarani na kuandikiana mashairi. Jamii iliona upendo wa mwanamke kwa mwanamke ni jambo jema, tena la kumfunza upole kabla hajaolewa.

Basi shika penseli, zungushia mabano kila kitu ambacho mwandishi angeweza kumwandikia yeyote: mwanzo, mwisho, dua, maombi ya samahani kwa mwandiko mbaya. Kisha soma kilichobaki nje ya mabano. Ukiwa na barua nyingi za mkono mmoja, angalia salamu inapobadilika. Addie humwita Rebecca rafiki, humwita dada, humwita rafiki yake wa pekee. Zipange salamu hizo kwa tarehe, na utaanza kuuliza nini kilitokea katikati.

Kisha tafuta kitanda, ila usikimbilie hapo

Kulala kitanda kimoja hakukuwa na habari. Nyumba zilikuwa za baridi, vitanda vichache, mgeni wa kike alilazwa na binti wa nyumba. Ukikuta "tulilala pamoja" katika barua ya 1850, umekuta usiku wa kawaida. Usipige mstari chini yake.

Sasa isome ile barua ya Farmington. Kabla ya hapo Addie alikuwa amemweleza Rebecca kwamba wasichana wa pale wamemzoea, jioni wanaingia chumbani kwake au yeye anaingia kwao, na mmoja anataka kulala naye. Akaongeza kwamba hata hivyo yeye si mpenzi sana wa wazungu. Rebecca akajibu. Barua yake hatuna, ila jibu la Addie linatuonyesha ilikuwa na moto. Addie anamwambia: kama unadhani kifua changu ndicho kilichomvuta msichana yule, basi aliambulia patupu, kwa sababu usiku kucha nilimpa mgongo na gauni langu la kulalia lilikuwa limefungwa vifungo, asingeweza kukifikia. Na anaahidi kumtunzia Rebecca kile anachokipenda kiwe chake daima.

Hapa tulikaa alasiri nzima. Kile kitanda hakikutushughulisha. Vifungo ndivyo vilivyotushughulisha. Mtu hampi rafiki yake hesabu ya vifungo vya gauni la kulalia ikiwa rafiki huyo hana haki navyo. Mama mmoja katika kundi letu, mtu mzima aliyeolewa na kuoza wajukuu, alisema kwa taratibu: "Huyu anajitetea kwa mwenye mali." Sijaona mahali popote palipoelezwa vizuri zaidi. Kuna wivu upande mmoja, kuna kuapa upande wa pili, na wote wawili wanajua kinachozungumzwa bila kukitaja.

Hiyo ndiyo aina ya sentensi unayoitafuta: yenye kitu cha kushika mkononi, iliyoandikwa kujibu jambo, ambayo isingeweza kutumwa kwa mtu mwingine. Katika barua nzima unaweza kupata moja. Katika barua nyingine hutapata hata hiyo, na unaendelea mbele bila kulazimisha.

Wasikilize watu wa nyumbani

Barua huleta sauti za wengine. Addie anamsimulia Rebecca maneno ya mama mzazi wa Rebecca, kwamba lau mmoja wao angekuwa mwanamume wangeoana. Addie anasema alishtuka kuyasikia. Yasome kwa makini. Mama ameona, ametamka, na Addie hakufukuzwa. Aliendelea kuingia na kutoka kwenye nyumba ile na kutuma habari zake. Wakati huohuo familia hiyo hiyo ilitarajia kila binti aolewe, na wachumba walikuwepo. Watu wa zamani waliweza kuyabeba yote mawili. Msomaji wa leo anayetaka ama "walikubaliwa" ama "walikatazwa" atakosa ukweli wao.

Mahali pengine sauti ya jamaa ndiyo ushahidi mkubwa. Charity Bryant na Sylvia Drake walikutana Weybridge, jimbo la Vermont huko Marekani, mwaka 1807, wakaishi pamoja hadi Charity alipofariki 1851. Walikuwa washonaji, na nusu ya kijiji ilivaa kazi ya mikono yao. Mpwa wa Charity, mshairi na mhariri William Cullen Bryant, aliwatembelea na mwaka 1843 akaandika gazetini, bila kuwataja majina, juu ya wanawake wawili waliolalia mto mmoja, wenye mfuko mmoja wa pesa, na kila mmoja akiwahesabu ndugu wa mwenziwe kuwa ndugu zake. Aliandika kwa heshima, kama mtu anayesimulia ndoa njema. Sylvia aliishi hadi 1868, na wamezikwa chini ya jiwe moja. Katika jumba la makumbusho la Middlebury ipo michoro ya vivuli vya nyuso zao, mmoja akimtazama mwenziwe, imezungushiwa msuko mwembamba wa nywele uliopindwa umbo la moyo. Nywele zilikuwa zawadi ya kawaida karne ile, hata dada na dada walipeana. Mchoro wa watu wawili ndani ya moyo mmoja wa nywele ulikuwa desturi ya watu na wenza wao.

Fuata pesa

Ushauri huu ndio ninaousisitiza kuliko wote, labda kwa sababu nimeishi kwa mshahara. Mapenzi ya wanawake wawili karne ya 19 yalisimama au kuanguka kwa swali moja: nani atalipa kodi ya nyumba? Mwanamke aliyeolewa, kwa sheria ya Uingereza na majimbo mengi ya Marekani kwa sehemu kubwa ya karne, mali yake ilikuwa mikononi mwa mumewe. Asiyeolewa alibaki na chake, lakini awe nacho kwanza.

Addie hakuwa nacho. Kila barua ina habari ya kazi, ujira mdogo, nguo iliyochakaa, nauli. Aliwahi kumwambia Rebecca kwamba lau wangeweza kuishi pamoja, au hata kuonana sehemu ya siku tu, asingeolewa kamwe. Mstari huo usiusome kama wimbo wa mapenzi. Ni hesabu ya mwanamke ambaye mshahara wa jikoni hauwezi kupanga chumba. Mwaka 1868 aliolewa na Joseph Tines, na barua zikakoma. Alifariki 1870, kijana bado. Rebecca naye baadaye aliolewa, akaishi hadi 1932, na miaka yote hiyo barua za Addie alizihifadhi. Juu ya bahasha moja aliandika kwa mkono wake kwamba Addie alifia nyumbani, tarehe 11 Januari 1870.

Sasa mlinganishe na Anne Lister wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, aliyezaliwa 1791. Alirithi jumba la Shibden na mashamba, akachimba makaa ya mawe, akadai kodi kwa wapangaji wake. Alipompata Ann Walker, jirani mwenye urithi mkubwa kuliko wake, mazungumzo yao yalihusu pete, sakramenti na wosia kwa pamoja. Siku ya Pasaka ya 1834 walipokea sakramenti katika kanisa la Goodramgate, York, wakajiona wamefunga ndoa. Wakarekebisha wosia zao ili atakayebaki afaidi mali ya mwenziwe maisha yake yote. Anne alifariki 1840 Kutaisi, katika nchi ya Georgia (si lile jimbo la Marekani), wakiwa safarini, na Ann akalirudisha jeneza hadi Halifax, safari ya miezi. Upendo wao tunaujua kwa ukamilifu kiasi hicho kwa sababu, mbali na shajara za Anne, ulikuwa na wanasheria. Unaposoma barua za watu wenye mali, omba na wosia. Unaposoma za masikini, hesabu nauli.

Uliza kalamu ilikuwa ya nani

Wanawake wawili wa Ireland, Eleanor Butler na Sarah Ponsonby, walitoroka kwao 1778 ili waishi pamoja, wakapanga nyumba Llangollen, Wales, na kukaa hapo hadi Eleanor alipofariki 1829 na Sarah 1831. Watu wakubwa walikuja kuwatazama. Anne Lister mwenyewe alikwenda 1822. Kila anayesimulia habari zao hutaja bustani na vitabu. Mimi nataka umtaje Mary Carryl, mtumishi aliyetoka nao Ireland, akapika, akalinda mlango, akaweka akiba hadi akanunua shamba, na alipokufa 1809 akamwachia Sarah. Kaburi lao lina pande tatu, majina matatu. Barua zake ziko wapi? Hii ndiyo sababu barua za Addie zina thamani isiyopimika: safari hii aliyewasha moto jikoni ndiye aliyeshika kalamu.

Kwetu pwani usitegemee kupata sanduku la barua kama hizo. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa 1844, anaeleza katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani 1886 kwamba kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1859, katika njama ya kumweka kaka yake Barghash kwenye kiti cha usultani badala ya kaka yao Majid, yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kuandika, akivutwa na dada yake Khole ambaye alimpenda mno. Baadaye aliporudiana na Majid, Khole hakumwia radhi. Penzi la dada na dada na uchungu wa kuachana kwao tunavijua kwa sababu mmoja wao alijifundisha kalamu. Wengine walitumiana salamu kwa kinywa cha mjakazi, na kinywa hakiachi karatasi. Anayetafuta urafiki wa wanawake wa pwani karne hiyo aende kwenye tendi, nyimbo, na hati za wakfu na wosia: nani aliachiwa nyumba, nani aliachiwa dhahabu.

Papase palipokatwa

Barua iliyochapwa imepita mikononi mwa watu. Sarah Orne Jewett, mwandishi wa jimbo la Maine, Marekani, aliishi sehemu kubwa ya kila mwaka na Annie Fields, mjane wa Boston, tangu miaka ya mwanzo ya 1880 hadi Jewett alipofariki 1909. Fields alipotayarisha barua za Jewett zichapwe, rafiki yao Mark DeWolfe Howe alimshauri ayapunguze sana majina ya kudekezana yaliyojaa humo, watu wasije wakayafikiria vingine. Kitabu kikatoka 1911 kikiwa kimepunguzwa. Ukiona barua iliyochapwa zamani ina nukta nyingi katikati, simama hapo, tafuta toleo jipya linalotoka kwenye karatasi za awali.

Shajara za Anne Lister ziliponea chupuchupu. Ni maneno milioni kadhaa, na takriban sehemu moja ya sita ameiandika kwa alama zake za siri, mchanganyiko wa herufi za Kigiriki na alama nyingine. Miaka ya 1890 mrithi wake John Lister na rafiki yake Arthur Burrell walizifumbua, wakiongozwa na kipande cha karatasi chenye sentensi ya kumtumaini Mungu ambayo neno lake la mwisho lilikuwa kwa alama. Walipoelewa walichokuwa wakisoma, Burrell alishauri zichomwe. John alizificha nyuma ya mbao za ukuta, palepale Shibden, na leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama ukurasa kwa ukurasa.

Angalia pia tarehe. Mwishoni mwa karne madaktari wa Ulaya walianza kuandika juu ya mapenzi ya wanawake kama ugonjwa. Kitabu cha Krafft-Ebing kilitoka 1886, cha Havelock Ellis 1897. Mwandishi wa 1840 alimwaga moyo bila hofu hiyo. Mwandishi wa 1900 alijua kuna jicho linamtazama, na pengine alikuwa na kiberiti mkononi. Ukimya wa barua za baadaye una maana tofauti na ukimya wa zile za mwanzo.

Nakili kwa mkono wako

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua daftari, nakili barua neno kwa neno, hata kama ipo kwenye skrini. Addie anaandika anavyosikia, herufi zinamtoroka, nukta hana. Usimsahihishe. Nilipokuwa mpiga chapa, kusahihisha barua ya bosi ilikuwa kazi yangu, lakini hapa kosa ni sehemu ya sauti: ukiona mwandiko umekimbia na herufi zimerukwa, umefika mahali alipokuwa na haraka au uchungu. Kama karatasi imeandikwa kwa mlalo kisha ikageuzwa ikaandikwa tena juu yake kwa kukatiza, soma mistari ya upande mmoja kwanza, kisha igeuze. Walifanya hivyo kubana gharama. Uingereza kabla ya 1840 posta ilitozwa kwa idadi ya karatasi na umbali, na mara nyingi aliyepokea ndiye aliyelipa.

Kuhusu jina la kuwaita, andika wanalojiita wao. Rafiki, dada, mpenzi: Addie ametumia yote, na mwenye barua ni yeye. Kwenye daftari naweka safu mbili, upande huu walichokifanya, upande huu walichokisema, na safu ya tatu siiweki. Katika kundi letu kuna wanaoona ni uchumba kamili na kuna wanaoona vingine, na wote wanakaa mkeka mmoja, mradi kila mtu aonyeshe kwa kidole mstari anaousemea.

Ukishamaliza barua ya Farmington, rudi nyuma hadi zile za 1859, Addie akiwa na miaka 17. Kisha shuka nazo kwa mpangilio wa tarehe mpaka 1868; njiani utakuta anapomwambia Rebecca kwamba hakuna busu lililo kama lake. Mbili kwa kila kikao zinatosha. Ziwe na mtu wa kuzisoma kwa sauti, na asiwe yuleyule kila wiki.